Asili ya Jina la Mbotela

Nchi kavu inayoelekea kisiwa cha Mombasa kwa upande wa kaskazini, tangu Kongowea hata Kisauni, ina majina ya koo ambayo mgeni akiyasikia hushindwa kuyaweka mahali pake. Si ajabu, maana Kongowea yenyewe ni jina la kale, na katika mashairi ya wazee hutumika kuwa jina mojawapo la Mombasa nzima. Na mji wa bandari hukusanya watu. Wapo Wamijikenda wenye majina ya mababu zao. Wapo wenye majina ya Kiarabu na ya Kibaluchi. Wapo tena Waafrika ambao wazee wao waliitwa Jones, David na Semler, ingawa hapakuwa na hata tone la damu ya Kizungu katika nasaba zao. Na katikati ya hao lipo jina la Mbotela, ambalo si la Mijikenda, wala la Kiarabu, wala la Kizungu.

Jina hili si la watu wengi nchini Kenya. Mtu aweza kuishi Mombasa miaka mingi asikutane na mwenye jina hilo hata mmoja. Hata hivyo karibu kila Mkenya mwenye umri wa makamo amepata kulisikia, na huko Nairobi hutajwa kila siku na watu wasiokuwa na udugu wowote na wenye jina. Yafaa basi kueleza lilikotoka, na kwa nini lilidumu hali majina mengi ya wenzake yalipotea.

Kwanza ni lazima kufahamu kwamba majina ya koo hayakutengenezwa kwa njia moja duniani. Waarabu hupenda kumtaja mtu kwa kabila lake au kwa nchi yake. Wamazrui, waliotawala Mombasa hata mwaka wa 1837, ni watu wa kabila la Mazrui kutoka Omani. Na Mbaluchi huitwa hivyo kwa sababu asili yake ni Baluchistani, ng'ambo ya bahari ya Omani. Waswahili wa Mombasa nao hufanya kama hayo: Mchangamwe, Mkilindini na Mtangana ni watu wa yale mataifa matatu yaitwayo Thelatha Taifa, na majina yao huonyesha mahali.

Desturi hiyo haikuishia pwani hii. Watu wa Ulaya ya mashariki wasemao lugha za Kislavoni wanayo vile vile. Katika vita vya pili vya dunia, tangu mwaka wa 1942, maelfu ya wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Urusi, waliletwa Afrika ya Mashariki kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Baadhi yao walishuka hapa bandarini Mombasa, kisha wakapelekwa kwenye makambi ya Tengeru karibu na Arusha, na Koja na Masindi katika Uganda. Makarani waliona taabu sana kuyaandika majina yao, lakini ukiyatazama vizuri hayana ugumu. Wengi walikuwa na majina yenye kuishia kwa -ski, na silabi hiyo hufanya kazi ile ile ya kusema "wa mahali fulani" au "wa fulani". Kowal katika lugha yao ni mhunzi. Kwa hiyo Kowalski ni mtu wa mhunzi, na mwanamke wa nyumba hiyo huitwa Kowalska. Watu hao walikuwa na mapadre wao na walimu wao, nao walijua kuandika majina yao wenyewe. Makambi yalipofungwa baada ya vita, wengi wao walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, nayo majina yao yakaenda nao yakiwa kamili. Hata waliokufa huku, majina yao yamo juu ya makaburi ya Tengeru hadi leo, herufi kwa herufi.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu wakimbizi wa kwanza walioletwa pande za Kongowea kwa meli za Waingereza hawakupata bahati hiyo.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Sir Bartle Frere ndiye aliyekuwa ametumwa na Serikali ya Uingereza kuja kuyaomba mapatano hayo. Tangu hapo manowari za Kiingereza zilizidi kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa kwa siri, na swali likawa moja: watu hao wapelekwe wapi? Kuwarudisha makwao kulikuwa vigumu, kwa kuwa wengi walitekwa mbali sana barani, na njia ya kurudi ilikuwa ni ile ile ya wale waliowateka. Chama cha misheni cha CMS kilimtuma Padre William Salter Price, aliyefika Mombasa mwezi wa Novemba 1874, na mwaka uliofuata shamba likanunuliwa upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Mahali hapo pakaitwa Frere Town kwa heshima ya yule mjumbe. (Jina la Frere lenyewe lina asili ya neno la Kifaransa lenye maana ya ndugu, kwa hiyo mji huo uliitwa Mji wa Ndugu pasipo mtu kukusudia.) Mwezi wa Septemba 1875 manowari iitwayo Thetis ikashusha hapo watu zaidi ya mia mbili waliotolewa utumwani.

Hebu msomaji afikiri hali ya watu wale siku ile walipoandikwa katika daftari. Yupo mtoto wa miaka saba au minane. Amesafiri kwa miguu miezi mingi, ameuzwa labda mara mbili au tatu, na kila aliyemnunua amemwita kwa jina jingine. Watumwa wa pwani walizoea kupewa majina kama Mabruki, Feruzi, Faraji na Baraka, au jina la siku, kama Juma na Hamisi. Majina mazuri yenyewe, lakini mtumwa hakupewa jina la baba pamoja nalo, maana mtumwa alihesabiwa kuwa hana ukoo. Sasa yu mbele ya Mzungu asiyejua lugha yake, naye aulizwa jina. Akitaja lile la kwao, huandikwa kama linavyosikika katika sikio la mgeni. Akinyamaza kwa hofu, hupewa jingine. Baadaye hubatizwa, akaongezwa jina la tatu.

Wale waliopitia Bara Hindi walibadilishwa majina zaidi. Kabla ya Frere Town kuwako, watoto wengi waliokamatwa baharini walipelekwa Bombay, na kutoka huko wakatiwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa Kiingereza, uhunzi, useremala na kazi nyingine za mikono. Waliporudi Afrika waliitwa Waafrika wa Bombay, nao ndio waliokuwa nguzo za kwanza za misheni hapa pwani. George David, William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai mwaka wa 1864, miaka kumi kamili kabla ya Padre Price. Jones ni jina la Kiwelisi lenye maana ya mwana wa John. Semler ni jina la Kijerumani la mwoka mikate midogo ya ngano. Mtu akikutana na majina haya katika vitabu pasipo maelezo, aweza kudhani kwamba wenyewe walikuwa Mwelisi na Mjerumani, kumbe wote wawili ni Waafrika, na mwaka wa 1885 Askofu Hannington aliwapa daraja la ushemasi papo hapo Frere Town. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba, naye Jones ndiye aliyewarudisha pwani watu wa msafara waliosalia, wakafika Rabai mwanzoni mwa mwaka wa 1886.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Matthew Wellington. Yeye alikuwa Myao, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akapelekwa Nasik, na huko akawa Matthew Wellington, jina moja na la yule jemadari wa Kiingereza aliyeshinda vita vya Waterloo mwaka wa 1815. Alikuwa mmoja wa vijana wa Nasik waliotumwa kumfuata Dakta Livingstone mwaka wa 1872, na Livingstone alipokufa mwaka wa 1873 alikuwamo katika kundi lililouchukua mwili wake kutoka bara hata pwani, safari ya miezi mingi. Mwenzake Jacob Wainwright alifika na mwili huo mpaka Uingereza, akahudhuria maziko London mwezi wa Aprili 1874. Wellington aliishi hata uzee mkubwa, akafa Mombasa mwaka wa 1935. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini watu walimwita kwa jina la jemadari wa Ulaya, na ni kwa sababu tu ya wale walioandika habari zake alipokuwa mzee kwamba jina la Chengwimbe lajulikana leo. Wenzake walio wengi hawakuulizwa.

Basi jina la Mbotela ni la namna gani? Ni jina la Kiafrika la nchi za Ziwa Nyasa, mbali sana kusini, katika nchi ambayo leo ni Malawi na sehemu zilizopakana nayo. Kutoka huko misafara ya watumwa ilishuka hadi Kilwa na bandari nyingine za kusini, ndiyo maana Frere Town ilijaa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Wazee wa ukoo huu walikuwa katika watu walioletwa Frere Town baada ya kuokolewa baharini. Jina la nyumbani halikutupwa, bali lilishikwa likafanywa jina la ukoo, nalo jina la ubatizo likatangulia mbele yake. James Chuma, yule mtumishi mashuhuri wa Livingstone, alifanya vivyo hivyo: James ni la ubatizo, Chuma ni la kwao.

Kwa mtu wa leo jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini katika Frere Town halikuwa dogo. Watu wale hawakuwa na kaya, wala mbari, wala mzee wa kwenda kumwuliza habari za babu. Wenyeji wa kandokando, yaani Wamijikenda na Waswahili wa Mombasa, waliwaita Wamisheni, wala si kwa sifa siku zote. Wakati wa ukoloni, kila mwanamume wa Kiafrika alipotakiwa kuwa na kipande, swali la kabila liliulizwa katika karatasi. Na mtoto aliyezaliwa Frere Town na baba Myao na mama Mmakua, asiyejua lugha ya yeyote kati yao bali Kiswahili tu, angejibu nini? Mwenye jina la Jones hakuwa na ushahidi wowote wa kwao katika jina lake. Mwenye jina la Mbotela alikuwa na neno moja, moja tu, lililovuka salama.

Aliyelifanya jina hili kujulikana kila mahali ni Bwana James Juma Mbotela, mwalimu, aliyeandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa London mwaka wa 1934. Kitabu hiki huhesabiwa miongoni mwa hadithi ndefu za kwanza zilizoandikwa na Mwafrika katika Kiswahili cha kisasa. Chaeleza jinsi watu wa pande za Nyasa walivyotekwa, jinsi walivyosafirishwa, jinsi meli ya Kiingereza ilivyowapata baharini, na maisha ya Frere Town baada ya hapo. Kilisomwa mashuleni kwa muda mrefu, na mwaka wa 1956 kikatolewa kwa Kiingereza.

Wataalamu wa siku za baadaye wamekilaumu kitabu hicho. Wasema kwamba chawasifu Waingereza kupita kiasi, na kwamba lawama yote ya biashara ya watumwa chaiweka juu ya Waarabu, kana kwamba mashamba ya miwa ya Wazungu katika visiwa vya bahari ya Hindi hayakupata kununua mtu. Lawama hiyo ina haki. Lakini msomaji wa haki ataona pia kwamba kitabu hicho kina masimulizi ya wazee ambayo hayakuandikwa mahali pengine, na kwamba mwandishi alikuwa mtoto wa watu waliookolewa na meli hiyo hiyo aliyoisifu. Mtu wa namna hiyo haandiki kama mwanahistoria aliyeketi mbali.

Kutoka Frere Town jina lilipanda bara. Shule za misheni zilitoa walimu, makarani na mafundi kabla ya sehemu nyingine nyingi za Kenya kuwa na shule, na reli ilipojengwa kati ya mwaka wa 1896 na 1901, vijana wa Frere Town na Rabai waliifuata kazi mpaka Nairobi na mbele yake. Hata shule ya kufundishia mapadre, iliyoanzishwa Frere Town, ilihamishwa Limuru mwaka wa 1930. Kwa hiyo mtu akitaka kujua majina ya Frere Town yameenea wapi, asitafute pwani peke yake, bali afuate njia ya reli.

Bwana Tom Mbotela alikuwa mmoja wa waliokwenda Nairobi. Alikuwa diwani wa mji na makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union. Hakukubaliana na njia ya Mau Mau, akasema hivyo hadharani, na mwezi wa Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa, aliuawa Nairobi. Mtaa wa nyumba upande wa mashariki wa mji ule ulipewa jina lake, kama vile mitaa ya Ofafa ilivyopewa jina la Bwana Ambrose Ofafa, diwani mwingine aliyeuawa wakati huo. Hivyo jina lililotoka Ziwa Nyasa katika kinywa cha mateka likabandikwa juu ya vibao vya mabasi ya Nairobi. Wakazi wa mtaa huo ni Waluo, Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na wengine, na kila mmoja wao husema "nakaa Mbotela" pasipo kujua kwamba ataja ukoo wa Frere Town.

Baada ya hapo likaja kuwa jina la sauti. Bwana Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliyezaliwa mwaka wa 1940, alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa kwa miongo mingi, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichofundisha adabu kwa mzaha na ukali kidogo, kilisikilizwa kote nchini. Tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walimchukua nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba Serikali imepinduliwa. Na jioni uasi ulipokwisha kuvunjwa, watu wakamsikia tena akitangaza kwamba Serikali ingalipo. Alifariki mwezi wa Februari 2025. Kwa wasikilizaji wengi, Mbotela halikuwa jina la ukoo hata kidogo, bali lilikuwa jina la mtu mmoja.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa jina ni mashuhuri hivi, kwa nini wenye kulichukua ni wachache? Jibu ni kwamba umashuhuri hauongezi uzazi. Ukoo wa watu walioletwa na meli huanza na mtu mmoja au wawili, hali ukoo wa wenyeji una ndugu mamia tangu zamani. Binti wakiolewa, watoto huchukua jina la waume. Tena desturi ya pwani humpa mtoto jina lake, la baba na la babu, kisha huishia hapo. Kizazi cha nne jina la mwanzo limekwisha kudondoka. Majina mengi ya Nyasa na ya Kiyao yalipotea Kisauni kwa njia hiyo ya kimya, wala hakuna aliyeyakataza.

Wale wenye asili kama hiyo, wakitaka kutafuta habari za jina lao, na waanze kwa kuwauliza wazee wa kike, ambao mara nyingi hukumbuka majina ya utani na ya unyago ambayo wanaume wameyasahau. Kisha watazame daftari za ubatizo na za ndoa, na mawe ya makaburi. Wasishangae wakiona jina moja limeandikwa kwa namna tatu, kwa maana karani wa Kiingereza hakutofautisha sawasawa r na l, naye aliongeza au kupunguza herufi kadiri alivyosikia. Karatasi hizo si za kupuuzwa. Wamakonde waliokuja Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikaa Kwale miaka mingi bila vitambulisho, mpaka walipokubaliwa kuwa raia na kuanza kupewa vitambulisho mwanzoni mwa mwaka wa 2017, nao Wapemba wa pwani walikubaliwa mwaka wa 2023. Katika mambo ya namna hiyo, swali la kwanza afisini ni jina la mtu, na la pili ni jina la babu yake na mahali alikozikwa.